Masomo 140 kwenye simu, na mdomo bado mzito

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, naishi Pasua hapa Moshi, nimemaliza kidato cha nne. Nataka kusomea kazi ya kuongoza wageni lakini Kiingereza cha kuongea kinanishinda. Rafiki alinirushia masomo ya sauti 140. Nimeyasikiliza yote kwa miezi minne, mengine nikiwa nimelala. Neno nikilisikia nalijua, ila mgeni akiniuliza kitu maneno hayaji. Sasa kuna mtu anauza flashi yenye masomo mengine 500 kwa shilingi 30,000. Ninunue? Au shida ni kichwa changu?

Jibu: Marahaba, kaka. Kichwa chako ni kizima, na hiyo elfu thelathini kaa nayo kwanza.

Shida yako umeitaja mwenyewe: "neno nikilisikia nalijua". Kulijua neno likitajwa ni kazi moja, kulitoa mwenyewe ni kazi nyingine. Ukipishana na mtu stendi unaweza kusema "huyu namfahamu, tulipanda naye Machame", na jina lake lisije kabisa. Sura umeitambua, jina limegoma. Masomo yako 140 yamekuzoesha sura za maneno, na hakuna hata moja lililokudai jina. Msemaji anauliza, anajibu mwenyewe, wewe unaitikia kwa kichwa, somo linakwisha. Neno huzoea kutoka mdomoni kwa kutafutwa: unaulizwa, unahangaika sekunde tatu nne, unalitoa au unalikosa, ndipo unalisikia. Somo liko kwenye hizo sekunde za kuhangaika. Sauti inayokuja baadaye inasahihisha tu.

Piga hesabu kidogo. Miezi minne ni siku 120 hivi. Masomo 140 ndani ya siku 120 ni zaidi ya somo moja kwa siku, kila moja umelisikia mara moja na kuliacha. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akatoa matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi katika saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Maana yake, neno ulilokutana nalo asubuhi linahitaji kurudiwa leo hii, halafu kesho, halafu baada ya siku kadhaa, na kila likishika nafasi kati ya marudio inaongezeka. Mwaka 1967 Mmarekani Paul Pimsleur alipendekeza ratiba kamili ya marudio kwa wanaojifunza lugha: sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Huna haja ya kuifuata kwa saa ya mkononi. Shika umbo lake tu: marudio ya karibu karibu mwanzoni, ya mbali baadaye. Kazi yako ya mlimani, kama tutakavyoona, inaingia humo vizuri kuliko kazi ya mtu wa ofisini.

Na ya kusikiliza ukiwa umelala, acha. Usingizi husaidia kukaza yale uliyoyafanyia kazi kabla ya kulala, na unafanya hivyo vizuri zaidi pakiwa kimya.

Kabla hujatafuta masomo mapya, pima hayo uliyonayo. Chagua somo lolote, sikiliza dakika moja bila maandishi, na kila neno usilolijua kunja kidole. Mzungumzaji wa kawaida hutoa maneno kama 150 kwa dakika, anayesema taratibu kama 100. Ukikunja vidole viwili katika maneno mia, somo linakufaa kwa kusikiliza. Ukifika vitano, linakufaa kwa kujifunzia ukiwa na maandishi mbele yako. Mkono ukiisha ukahamia wa pili, lifute, linakula nafasi ya simu. Usione aibu kurudi kwenye masomo yanayoonekana ya kitoto. Kituo cha Sauti ya Amerika kilianza matangazo ya Kiingereza rahisi mwaka 1959 kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na mwendo wa polepole, na watu wazima wengi duniani wamepitia hapo. BBC nao wana kipindi cha dakika sita kwa wanaojifunza, chenye maandishi yake, na hayo maandishi ndiyo yanayonifanya nikutajie. Somo la sauti lisilo na maandishi halina pa kusahihishia.

Hata hivyo, masomo hayo yote yana upungufu mmoja kwako, na hapa ndipo nataka tukae zaidi.

Kiingereza chako ni cha ubaoni. Sekondari imekupa "photosynthesis", "colonialism" na "evaporation". Haikukupa "blister", lengelenge linaloota kisiginoni siku ya pili. Haikukupa "shoelace", kamba ya kiatu, wala "zip", wala "sip", funda la maji. Masomo ya sauti ya kununua nayo hayatakupa, kwa sababu yametungwa kwa mtu anayepanda treni London au kuagiza kahawa. Utajifunza kuulizia jukwaa namba tatu, na mgeni wako atakaa juu ya jiwe na kiatu mkononi, nawe huna neno la kinachomuuma.

Wanaohesabu maneno ya Kiingereza huyapanga kwa familia: "help", "helped", "helper", "helpful", "helpless" ni familia moja. Familia 2,000 za mwanzo, zile zinazotumika sana, hubeba takriban maneno tisa kati ya kumi katika mazungumzo ya kawaida. Kuelewa karibu kila kitu, tuseme maneno 98 kati ya 100, kunahitaji familia 6,000 hadi 7,000. Nyingi za zile 2,000 unazo tayari kwa macho. Kinachobaki ni kuziamsha masikioni na mdomoni, kisha kuongeza mia kadhaa za kazi yako. Huo mzigo unabebeka.

Hizo za kazi yako utazirekodi mwenyewe. Somo bora la sauti kwako litatoka kwenye kinasa sauti cha simu hiyo hiyo.

Andika sentensi nane. Nane tu, na ziwe sentensi kamili. Sababu ni hii: Kiswahili kina "piga". Tunapiga picha, simu, pasi, mswaki, magoti na hodi, na mgeni anayejifunza "piga" peke yake hawezi kujua hayo yote. Kiingereza nacho kina "take". "Take a picture", "take a sip", "take a break", "take your time", "take off your jacket". Ukijifunza "take" ni "chukua", umepata sehemu ndogo sana ya neno lenyewe. Ukiibeba sentensi nzima, neno linakuja na ndugu zake. Anza na hizi kama huna zako:

Kunywa kidogo kidogo. – Take small sips.
Tupumzike dakika tano. – Let's take a five-minute break.
Angalia, hapa panateleza. – Careful, it's slippery here.
Lengelenge limeanza kuota? – Are you getting a blister?
Funga zipu mpaka juu. – Zip your jacket all the way up.
Unasikia kizunguzungu? – Do you feel dizzy?
Kamba ya kiatu imefunguka. – Your shoelace is undone.
Umekula kiasi gani asubuhi? – How much did you eat this morning?

Sasa rekodi. Sema ya Kiswahili kwa sauti yako, sekunde tatu. Nyamaza sekunde tano. Zihesabu kwa kugonga kidole mezani, usikadirie, maana kila anayekadiria hunyamaza sekunde mbili akadhani ni tano. Kisha ya Kiingereza, sekunde tatu. Nyamaza nne, ili urudie kwa mdomo. Kiingereza tena. Hapo ni sekunde 18 kwa sentensi, na nane ni dakika mbili na sekunde 24. Usiishie hapo. Zungusha mara ya pili ukiwa umevuruga mpangilio: Kiswahili, kimya cha sekunde nne, Kiingereza mara moja. Somo zima halifiki dakika nne. Mpangilio uvurugwe kwa sababu ubongo ni mvivu. Ukiuacha uleule, baada ya siku mbili utakuwa unajibu kwa kukumbuka zamu: baada ya "sips" inakuja "break". Mlimani mgeni hafuati zamu.

Kiswahili lazima kitangulie. Masomo mengi ya kununua hutanguliza Kiingereza na kuleta tafsiri baadaye, na hayo ndiyo yanayokufanya ulijue neno ukilisikia bila kuweza kulitoa. Wewe unataka njia ya pili, kutoka kwenye wazo hadi kwenye neno.

Sauti ya Kiingereza isiwe yako mpaka matamshi yawe yamehakikiwa. Kosa ukilirekodi utajifundisha mwenyewe mara thelathini, na litakaa. Mwombe mwongozaji mzoefu akusomee sentensi nane mkiwa mnasubiri getini, ni kazi ya dakika moja. Ukimkosa, sauti ya programu ya kutafsiri kwenye simu inasoma sentensi ya Kiingereza vizuri tu, na kamusi za Oxford na Cambridge zilizoko mtandaoni zina kitufe cha kusikiliza kila neno. Ila tafsiri yenyewe usiiachie simu bila kuikagua. Kiswahili "nasikia" kinabeba sauti, baridi, njaa na maumivu. Kiingereza kinagawa: "I hear" ni ya sikio, "I feel" ni ya mwili. Anayesema "I hear cold" anaeleweka kwa huruma ya msikilizaji.

Kuna mengine ya namna hiyo ambayo kwa mwongozaji ni zaidi ya sarufi. "Mkono" wetu ni "hand" na ni "arm". "Mguu" ni "foot" na ni "leg". "Kidole" cha mkononi ni "finger", cha mguuni ni "toe". Mgeni akikwambia "my foot hurts", nawe ukapeleka habari kwamba mguu unamuuma, aliyeko kambini hajui kama ni kiatu kinabana au ni goti. Tenga somo zima la sentensi nane kwa ajili ya mguu peke yake: "toe", "heel" ambacho ni kisigino, "ankle" ambacho ni kifundo, "shin" ambao ni ugoko, "knee", "thigh". Rekodi ukishika kila sehemu kwa mkono wako, na ukisikiliza ushike tena. Watakucheka Pasua siku mbili, basi.

"Pole" nayo ina mtego. Sisi humpa pole mtu aliyechoka, aliyeanguka, aliyefiwa, hata aliyetoka kazini. Ukimwambia mgeni "sorry" kwa kuwa amejikwaa, anaweza kujibu kwamba si kosa lako, na wote wawili mkabaki mnaangaliana. Kwa aliyejikwaa sema "Are you all right?" Kwa aliyechoka, "You must be tired." Na "nipe" usiigeuze kuwa "give me" mbele ya mgeni. "Naomba" yetu inakaa kwenye "Could I have", kwa mfano "Could I have your water bottle, please?"

Tuje kwenye sikio. Unasema mgeni akiuliza kitu maneno hayaji. Mara nyingine hayaji kwa sababu swali lenyewe hukulisikia, ulisikia mvumo. Kiswahili hutamka kila silabi kwa uzito wake, na mkazo huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hukaza moja na kumeza zilizobaki. "A cup of tea" ikisemwa haraka inasikika kama "akapatii". Mgeni hajaagiza chapati. "Do you want to" inakuwa "dyuwana", "what are we going to" inakuwa "worawigona". Maneno ambayo ungeyasoma bila shida yanapita mbele ya sikio lako yamevaa nguo nyingine. Mkazo nao ukihama, neno linapotea. Ni OXygen, ALtitude, COMfortable, mkazo mwanzoni kabisa, wakati ulimi wetu unavuta kuelekea oXYgen na altiTUDE. Kwenye namba ni hatari kwa mfuko: "thirty" ina mkazo mbele, "thirteen" nyuma, na kati ya dola 15 na dola 50 kuna ugomvi wa kutosha.

Halafu irabu. Kiswahili kina "i" moja, Kiingereza kina ndefu na fupi. "Sleep" ni kulala, "slip" ni kuteleza. "Don't sleep" na "Don't slip" ni maonyo mawili tofauti, na usiku wa kuelekea kileleni yote mawili unaweza kuyahitaji ndani ya saa moja. Kwa ile fupi usivute midomo pembeni, legeza taya, sauti ikatike karibu na "e". Jirekodi ukisema zote mbili, kisha mpe mwenzako asikilize bila kujua ipi ni ipi. Akikosea, kosa ni lako. Una bahati kwenye "th", maana "think" ina th ya thelathini na "this" ina dh ya dhahabu, sauti ambazo wageni wengi wa Ulaya zinawatesa. Mjerumani akikwambia "I sink so" hazami, anakubali.

Dawa ya sikio ni imla, na inachosha, nakwambia mapema. Chukua sekunde 15 za somo lenye maandishi. Sikiliza mara mbili bila kuandika. Mara ya tatu andika unachosikia, hata kama ni vipande. Mara ya nne jazia. Kisha fungua maandishi na ulinganishe, na uzungushie duara kila neno ambalo kwa macho unalijua lakini kwa sikio lilikupita. Hayo ndiyo faida yako ya siku. Isome sentensi hiyo kwa sauti ukimfuata msemaji mara tano, kwa mwendo wake na kumeza kwake, usimsahihishe kwa kutamka kila silabi. Dakika ishirini za kazi hiyo mara tatu kwa wiki zinakutosha. Mwendo wa sauti unaweza kuupunguza hadi robo tatu kwenye VLC, programu ya bure, ila usishuke chini ya hapo na usizoee, kwani mgeni hana kitufe. Imla yoyote imalizie kwa mwendo wa kawaida.

Saa pia zitie kwenye somo la mapema. "Breakfast is at six thirty" ni saa kumi na mbili na nusu, na usiku wa kileleni "We leave at midnight" ni saa sita usiku. Tofauti ni saa sita siku zote. Kwenye uso wa saa ni namba inayotazamana nayo ng'ambo. Rekodi sentensi nane za saa tu, na wakati wa kimya onyesha kwa kidole kwenye saa ya ukutani badala ya kutafsiri. Ukitafsiri kichwani utakosea siku umechoka.

Sasa ratiba. Tuchukue unaanza kupanda Jumatatu, Machame, siku sita. Ijumaa iliyotangulia unarekodi somo la sentensi nane na kulisikiliza mara tatu: hapo hapo, baada ya saa moja, na jioni. Jumamosi mara mbili. Jumapili pumzika, una mizigo ya kufunga. Jumatatu na Jumanne usiguse. Jumatano usiku, mkiwa kambi ya Barranco, ni siku ya tano tangu kurekodi: sikiliza mara moja ndani ya hema baada ya kula, ukijibu kwa mnong'ono. Utashangaa mangapi yamekwenda, na hilo ni zuri, kwani neno linalorudishwa likiwa linaelekea kupotea hushika kuliko lile lililorudiwa likiwa bado la moto. Jumamosi mkishuka Mweka, toa daftari, funika upande wa Kiingereza kwa mkono, jipime bila simu. Sentensi inayotoka ndani ya sekunde tatu weka alama. Isiyotoka inaingia kwenye rekodi ya safari ijayo pamoja na mpya. Jumanne ya wiki ya nne, siku 25 zikiwa zimetimia, jipime zote tena.

Simu iwe kwenye hali ya ndege tangu getini, na usiku ilale nawe ndani ya slipingi begi, maana baridi hunyonya betri hata kama hujaitumia. Ukiwa na mzigo kichwani usiweke kitu masikioni. Anayekuja nyuma akipiga kelele za jiwe linaloporomoka, unatakiwa umsikie. Kwenye daladala sawa, na hapo jibu kwa midomo bila sauti. Kujibu moyoni tu hakutoshi, ulimi nao una mazoezi yake.

Mpagazi hakai sana na wageni, najua. Tafuta upenyo. Omba kusaidia kupeleka maji ya moto asubuhi na jioni, hapo una sekunde thelathini halali za kuongea. Ile "washi washi" ya mlimani waachie wengine, mgeni wa siku ya kwanza anaicheka lakini haielewi. Sema "Here's your hot water for washing", kisha ongeza sentensi moja tu kati ya zile nane: "Did you sleep well? Do you feel dizzy?" Moja kwa kila hema. Sentensi iliyowahi kutumika kwa mtu halisi na ikajibiwa haihitaji marudio mengi tena.

Kwa mwendo huo, somo moja kabla ya kila safari na moja katika wiki ya kupumzika, kwa safari mbili kwa mwezi unapata sentensi 32. Zikiwa na maneno mawili ambayo hukuwa nayo mdomoni, ni maneno 64 kwa mwezi. Yanaonekana machache ukiyalinganisha na masomo 140, ila haya yanatoka. Masika, Aprili na Mei, kazi ikiwa imepungua, ongeza imla na usiongeze sentensi. Kila mtu hutaka kufidia kwa kurekodi sentensi arobaini kwa siku moja, na wiki inayofuata marudio yanamzidi, anaacha yote.

Bando lisikutishe. Sauti ya kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban nusu MB kwa dakika, hivyo kipindi cha dakika sita hakifiki MB 3, na rekodi yako ya dakika nne haifiki 2. Video ya maudhui yaleyale itakula mara nyingi zaidi, na macho yatakusaidia kubahatisha maana wakati unataka sikio lifanye kazi lenyewe. Pakua sauti na maandishi, video waachie wenye Wi-Fi.

Tumalizie na flashi. Kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji afungue masomo matatu tofauti na uyasikilize mbele yake. Angalia kama kuna maandishi yake, kama msemaji ananyamaza baada ya swali na kukupa nafasi ya kujibu, na kama maneno ya somo la kwanza yanarudi kwenye la tatu na la kumi. Yakikosekana maandishi au hicho kimya cha kujibu, usinunue hata kwa elfu tano. Yakiwepo yote matatu, masomo kumi yanakutosha kwa mwaka huu, hivyo muulize kama anauza kumi. Kuhusu lafudhi ya Uingereza au Marekani, changanya. Wageni wengi unaowabebea mizigo Kiingereza si lugha ya mama zao, kama ilivyo kwako.